Nguzo za Mdimuni

Waya ulikatwa kwa panga. Nilijua hata kabla sijainama, kwa namna ncha zake zilivyochanika, nyuzi za shaba zikatoka nje ya gamba lake jeusi na kutawanyika ovyo. Fundi hukata kwa plaizi, na mkato wa plaizi huwa safi, umebanwa kutoka pande mbili. Huu ulipigwa, ukakosewa, ukapigwa tena. Kwenye saruji, chini ya nguzo, kulikuwa na mikwaruzo myeupe ya chuma.

Nyuma yangu alikuwa amesimama Kificho, mwangalizi wa mashine ya dizeli, akijifuta mikono kwa kitambaa chake cha mafuta. Mikono yake siku ile haikuwa na mafuta. Mashine yake ilikuwa imelala muda mrefu. Alijifuta tu.

"Si mimi," akasema.

Sikuwa nimemuuliza.

Juu yetu vile vioo vya umeme wa jua vilikuwa vimetulia kwenye nguzo zake, vinalipokea jua la asubuhi bila ya kulipeleka popote. Kisimani pampu ilikuwa kimya. Wanawake waliokuja na madumu walisimama mbali kidogo, chini ya minazi, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Hilo ndilo lililonitisha. Watu walionyimwa maji hupiga kelele. Hawa walinyamaza, na walikuwa wakinitazama mimi, si waya.

Ulikuwa ni mwaka ule umeme ulipopotea Unguja nzima, tukakaa karibu mwezi mzima gizani. Anayeukumbuka mji wa siku zile atakumbuka kelele kabla ya giza. Kila duka liliweka jenereta mlangoni. Vichochoro vya Mji Mkongwe, ambavyo mikokoteni hupita kwa kuombana njia, vilijaa moshi, na kuta za chokaa zikaota weusi kama sufuria. Watu wa nyumba moja walisemezana kwa kupiga makelele. Dizeli na petroli ziligombaniwa, na walioshinda walikuwa wa mjini.

Mdimuni hakuna aliyeikumbuka. Ni kijiji kilichopo juu ya Bububu, ndani kwenye minazi na mikarafuu, na umeme wa waya kilikuwa hakijaupata hata kabla haujapotea. Walichokuwa nacho ni ile mashine moja ya dizeli iliyovuta maji kutoka kisima cha zamani na kuyapandisha tangini. Mashine ilitema moshi, ikavuja, na maji yake yalikuwa na harufu ambayo wenyewe walishaacha kuisikia. Dizeli ilipokosekana ikanyamaza, na hata taa za mjini ziliporudi, mashine ile haikuamka. Wanawake wakaanza tena kuteremka bondeni kuchota maji ya kijito, pamoja na ng'ombe.

Mimi nilikuwa fundi umeme, nimemaliza chuo si zamani, ninafanya kazi na mradi mmoja mdogo wa maji. Ufundi nilianza kuuonja mezani kwa baba yangu, Mzee Sleiman, aliyekuwa akitengeneza redio kwenye duka lake Kiponda, chini ya nyumba tuliyokuwa tukikaa. Mradi ulipopata vioo vya kutia pampu ya jua kwenye kisima kimoja, wakanipa mimi kazi, wakanambia mahali ni Mdimuni. Nilipomwambia baba, alikuwa amebana skrubu kwa midomo. Akaguna. Nikadhani ni kwa sababu ya skrubu.

Aliyenipokea kule alikuwa Mize, katibu wa kamati ya maji, mwanamke mchangamfu wa umri wangu, mwenye kicheko kinachomtangulia njiani. Alinipeleka moja kwa moja kwa Bi Sichana, mama yake Kificho, kwa sababu kisima kilikuwa ukingoni mwa shamba lake la muhogo na hakuna jambo lililofanyika pale bila ya yeye kujua. Nilimkuta kibarazani, bibi mwembamba, amenyooka, macho makavu. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba kwa upole, akaingia ndani akatoka na sahani ya muhogo wa nazi imefunikwa kawa. Harufu yake ilinifikia kabla hajaketi.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Jokha."

"Jokha wa nani?"

"Jokha Sleiman."

"Sleiman yupi? Mji umejaa kina Sleiman."

"Sleiman Abrahman. Wa Kiponda, fundi redio."

Mkono wake ulikuwa umeshashika kawa kuifunua. Ukasita. Kisha akaishindilia ile kawa chini, taratibu, akaniuliza kama nshakula.

"Bado, bibi," nikasema, kama asemavyo mtu anayetarajia kukaribishwa.

"Mchana haujafika," akasema. Akaichukua sahani akarudi nayo ndani, na hakutoka tena.

Mize akacheka, lakini kile kicheko hakikuwa chake. Akanambia bibi ameshakuwa mtu mzima, nisimtie maanani.

Nikaanza kazi. Nilipima kwa utepe, nikachomeka vijiti mahali pa nguzo, na kila nilipoinua kichwa nilikuta mtu amesimama. Walinisalimia vizuri. Waliuliza vizuri pia, lakini maswali yao hayakuwa yale niliyozoea kuulizwa kwengine. Hakuna aliyeuliza kama maji yatatosha, wala kama siku ya mawingu tutafanyaje. Waliuliza nguzo zinakwenda chini kiasi gani. Waliuliza saruji ni ya nini. Mzee mmoja akazunguka vijiti vyangu vyote, akasimama katikati yao, akanambia, "Jua liko juu. Nyinyi mbona mnachimba chini?"

Nikamweleza kwamba vioo ni vipana na upepo ukivikamata huving'oa, kwa hivyo lazima vishikwe. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Haya," akasema, kama mtu anayepokea hesabu isiyojaa.

Kesho yake vijiti viwili vilikuwa vimeng'olewa. Nikasema ni watoto.

Aliyenitia wasiwasi ni Kificho. Huyu alikuwa mtu wa makamo, mzito wa maneno, na ile mashine alikuwa akiihudumia kama mgonjwa wa nyumbani. Hata katika siku zile ambazo haikuwa na tone la dizeli, aliifuta na kuifunika gunia. Alikuja akanitazama nikimimina saruji, akasema, "Mashine yangu haitaki nguzo." Mara nyingine nilimwona akinong'ona na wanawake penye njia ya bondeni, na wote wakinyamaza nikikaribia. Sikuhitaji zaidi ya hapo. Nilikuwa kijana, na hadithi niliyoitunga ilikuwa nyepesi: hapa kuna mtu aliyekuwa mfalme wa maji, na mimi nimekuja na kioo kisichokunywa dizeli wala kutaka mtu wa kukizungusha hendeli. Atafanya nini, anipende?

Siku pampu ilipovuta mara ya kwanza, maji yalipanda tangini bila ya mlio wowote. Ukimya ule wenyewe uliwatia watu shaka. Walikuwa wamezoea kusikia maji yao yakija kwa kishindo, hata waliokuwa nyumba za mbali. Walisogea bombani mmoja mmoja, wakakinga viganja. Mtoto akasema hayanuki. Kificho akaonja, akatema.

"Hayana ladha," akasema.

Mize alicheka kwa kweli siku hiyo, na mimi nikacheka naye. Bi Sichana hakuja. Nilimwona amesimama ndani ya muhogo wake, akizitazama zile nguzo moja baada ya nyengine, kama anazijua kwa majina. Siku chache baadaye ndipo waya ulipokatwa.

Sheha, mkuu wa serikali pale kijijini, mzee mwenye haraka na adabu, alituita barazani kwake mchana ule ule. Kificho akakalishwa kwenye benchi. Sheha akamuuliza alikuwa wapi.

"Nyumbani."

"Na nani?"

"Na mama."

"Tukimwita mama atasema hivyo?"

Kificho alikuwa ameinamisha uso muda wote. Sasa akauinua. "Mama mwacheni," akasema, na baada ya hapo hakufungua tena mdomo, si kukubali wala kukana. Nikasema ule waya ulikatwa kwa panga na kwamba fundi kama yeye angetumia plaizi. Sikumtetea, nilikuwa nasema nilichokiona. Sheha akatabasamu. "Mwanangu, kila nyumba hapa ina panga." Akasema kesho asubuhi ataleta askari, kama mwenyewe hajasema.

Mize akanisindikiza mpaka njia kuu kungoja gari ya mradi. Alitembea mbele yangu kidogo, mikono nyuma. Tulipofika kwenye mchanga wa barabara akageuka.

"Jokha, hebu nambie kweli. Mmefuata chenu?"

"Chetu kipi?"

Alinitazama usoni kwa muda, akitafuta. "Hujui, au unajifanya hujui?"

"Sijui, wallahi."

"Basi kamuulize babako kile kisima kachimba nani."

Nilimkuta baba dukani, miwani kwenye ncha ya pua, redio ya mtu imefunguliwa tumbo mbele yake. Sikukaa. Nikamuuliza vile vile nilivyoambiwa. Akakizima chuma chake cha kulehemu, akakiweka mahali pake, akavua miwani.

"Babu yako," akasema.

Akanieleza kwa maneno machache, kwa sauti ile ile aliyokuwa akitumia kumwambia mtu kwamba redio yake haitengenezeki. Shamba lote lile, kutoka barabarani mpaka bondeni, lilikuwa la Abrahman. Yeye alikulia mjini lakini msimu wa karafuu walihamia kule. Mwaka wa Mapinduzi alikuwa kijana aliyeanza kuota ndevu. Shamba likagawiwa watu, eka tatu tatu. Babu akakaa mjini katika chumba kimoja, akafa. "Hakulitaja tena, na mimi sikulitaja."

"Kwa nini hukunambia kabla sijakwenda?"

"Ningekwambia, ungekwenda?"

"Nisingekwenda."

"Ndiyo maana."

Jibu lile lilinikaa vibaya. Kwa hivyo alitaka niende. Kabla sijauliza kwa nini, akaanza yeye kuuliza, kwanza taratibu, kisha swali juu ya swali. Nguzo nimezichimbia upande gani wa kisima, wa juu au wa bondeni? Ule mshelisheli mkubwa bado upo? Na hao watu wamejenga mpaka wapi? Wamevuka kijito? Niliona vidole vyake vikitembea juu ya meza, vikichora mstari kwenye vumbi la risasi ya kulehemu, na vikiufuta.

Nikamkumbuka Jamil aliyekuwa Maskati, mtoto wa ammi yangu, ndugu yake baba. Jamil alikuwa akipiga simu kila Ijumaa, na baba alikuwa akipanda nayo juu ya dari, penye kamba za kuanikia nguo. Siku zote nilidhani ni kwa sababu kule simu hushika vizuri. Mwaka ule kulikuwa na uvumi barazani, uvumi usiokuwa na mwenyewe, kwamba wenye mali zao za zamani wataruhusiwa kuzidai, na nilimsikia Jamil mara moja, simu ikiwa na sauti kubwa, akisema, "Ammi, wewe ndiye uliyepo huko. Nani mwengine anayeijua mipaka?" Wakati ule nilipita zangu. Sasa nikayasikia maneno yale upya, na nikamtazama baba yangu kama ninavyomtazama mtu aliyeniuzia kitu kibovu.

Asubuhi nilimkuta chini ya ngazi, amevaa kanzu na koti, bakora mkononi.

"Nakwenda na wewe."

"Baba, leo si siku yake. Kuna askari, kuna maneno."

"Basi ndiyo siku yake."

Ndani ya gari alikaa mbele, na kila kona aliitaja kabla hatujaifikia. Dereva alifurahi. Mimi sikufurahi. Mtu aliyekaa zaidi ya miaka arubaini bila ya kutia mguu mahali, akizijua kona zake namna ile, basi alikuwa akizipita kila siku kichwani mwake.

Tulipofika, sheha alikuwa ameshasimama kisimani na askari mmoja. Kificho alikuwa amevaa shati safi, kama mtu anayekwenda safari. Watu wengi walikuwepo. Baba aliteremka, akaikita bakora chini, na nikasikia mnong'ono ukipita kati yao. Hakuna aliyehitaji kujulishwa ni nani.

Bi Sichana alitoka kwenye muhogo, kanga kajifunga kiunoni, panga mkononi. Lilikuwa panga la shambani, limeliwa na kinoo mpaka limekuwa jembamba. Hakulinyanyua. Alilishika tu, ncha chini.

"Mwacheni mwanangu," akasema. "Nimekata mimi."

"Mama, nyamaza," Kificho akasema.

"Sinyamazi. Nimekata mimi, na nikiona waya mwengine nitakata. Jana nilijiambia labda nimemwonea huyu msichana. Sasa tazameni aliyemtuma." Akamnyooshea baba kidole. "Mwenyewe kaja. Na bakora yake."

Baba alimtazama sana. "Wewe ni Sichana wa Feruzi?"

"Na wewe ni Sleiman, uliyekuwa ukipita hapa juu ya punda mweupe."

"Punda alikuwa wa baba."

"Kila kitu kilikuwa cha babako."

Bi Sichana akasogea hatua moja, na sauti yake, iliyokuwa ya ukali, ikatulia, na ndivyo ilivyozidi kuumiza.

"Mimi nimezaliwa kwenye banda la wachumaji, pale penye mteremko. Mama akichuma karafuu mpaka vidole vinageuka rangi, na Abrahman amekaa kitini anapima, anaishindilia pishi kwa kiganja ili izidi kupokea. Hilo nimeliona kwa macho yangu. Mwaka ule tukapewa eka zetu tatu. Mume wangu kafyeka, kapanda, kafa, kazikwa pale. Leo mjukuu wa Abrahman anakuja na utepe na nguzo za chuma na saruji, ananambia ni maji. Maji gani yanayotaka saruji?"

"Ni za kushikilia vioo tu, bibi," nikasema. "Upepo usivichukue."

"Na mpaka huanza hivyo hivyo."

Nikamgeukia baba aseme yeye, na katika kumgeukia nikajigundua kwamba nami ninangoja jibu lake pamoja nao, kwa shaka ile ile.

"Umefuata nini, Sleiman?" Bi Sichana akamuuliza.

"Kaburi la mama," baba akasema. "Kama bado lipo."

Upepo ulipita kwenye minazi. Mama yake baba alikufa kabla sijazaliwa, kabla ya mambo yote yale. Nilijua hivyo tu. Sikupata kujiuliza kazikwa wapi.

"Lipo," Bi Sichana akasema. "Limo ndani ya muhogo wangu."

"Nani analipalilia?"

"Nikipalilia muhogo napalilia na yeye. Hakuna zaidi ya hilo, usije ukanishukuru." Akalibadilisha panga mkono. "Lakini kabla hujatia mguu, sema mbele ya watu hawa. Una nini hapa?"

"Sina changu hapa," baba akasema, "ila huyo aliyelala."

"Na mwanao?"

"Mwanangu ndiye huyu. Kaja kwa maji."

"Na wa Maskati?"

Sijui alijuaje, labda hakujua, labda katika kisiwa chetu swali lile mtu angeweza kumuuliza yeyote wa namna yetu na asikosee. Baba alichelewa kujibu. Alichelewa mpaka sheha akakohoa.

"Wa Maskati wana midomo yao," akasema. "Mimi nimesema kwa wangu."

Bi Sichana akatikisa kichwa polepole. Ilikuwa kama kwamba nusu ya jibu ilimridhisha zaidi kuliko jibu zima, kwani jibu zima asingeliamini. Akapisha njia. Askari akamuuliza sheha amchukue nani sasa, na sheha akamwambia, "Nenda zako, bwana. Hapa hapana mwizi."

Kaburi lilikuwa mawe manne yaliyoliwa na mvua, na miti ya muhogo imelizunguka kwa karibu kama watu walioinama kusikiliza. Baba alichuchumaa, akainua mikono, akasoma dua. Alikaa hivyo kwa muda. Kisha akainuka, akaanza kutembea kutoka pale kaburini kuelekea kisimani, taratibu, kwa mstari ulionyooka, akiipita mistari ya muhogo bila ya kukanyaga hata shina moja. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Alipofika penye kisiki kipana, ambacho nadhani ndicho kilichokuwa mshelisheli, akasimama, akageuka, akarudi vile vile.

Bi Sichana alikuwa amesimama karibu yangu kiasi cha kusikia pumzi zake.

"Anasoma?" akaniuliza.

"Anasoma."

"Mimi naona anahesabu."

Na mimi nilikuwa naona hivyo hivyo. Baba sasa hayupo tena wa kumuuliza, na hata angekuwepo, sidhani ningethubutu.

Sharti la Bi Sichana nililipata kabla hatujaondoka. Vioo vibaki, nguzo zitoke. Nikitaka niviweke juu ya paa la banda la mashine, kwa sababu banda lile lilijengwa na kijiji kizima na halina mwenyewe. Nikamweleza kwamba paa lile limeelekea magharibi, jua la asubuhi litapotea, na maji yatachelewa kupanda.

"Asubuhi tutasubiri," akasema. "Kusubiri tunakujua."

Mkubwa wangu mjini alisema huo ni ujinga, vioo vizuri kama vile kuwekwa vikilipa jua mgongo. Nikamwambia kioo kilichogeuzwa upande kinatoa umeme zaidi kuliko kioo kilichokatwa waya. Akaniacha nifanye nitakavyo.

Aliyenisaidia kuzing'oa nguzo ni Kificho. Tulivunja saruji kwa mtaimbo, na sijamwona akifanya kazi kwa moyo mwepesi kama siku ile. Tulipokaa kupumzika nikamuuliza kama alijua tangu mwanzo kwamba ni mama yake.

"Mamangu yule," akasema, na kwake hilo lilikuwa jibu lililokamilika.

"Mimi nilidhani ni wewe. Nilidhani unaionea uchungu mashine yako."

"Naionea uchungu," akasema. "Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia wanawake wasubiri, maji bora yanakuja. Kule njiani. Wewe ulitupita umenuna."

Tulivipandisha vioo juu ya paa, chini yao mashine ya dizeli imekaa gizani, imefutwa, imefunikwa gunia lake. Nikamuuliza kwa nini asiiuze sasa. Akanionyesha dumu la dizeli alilolificha nyuma ya mlango, limejaa.

"Hao waliovileta vioo, siku wakija kuvitaka je?"

Maji yakawa yanapanda jua likishapanda. Wanawake walikuja kwa kuchelewa, wakazoea. Siku moja, nilipokwenda kukagua nyaya, nilimwona Bi Sichana akija bombani na ndoo yake, peke yake. Alikinga kiganja, akanusa, akaonja, akangoja kama mtu anayengoja dawa imfanye kitu. Kisha akaijaza ndoo. Alipokuwa ananipita nikampa shikamoo.

"Marahaba," akasema. Hakusimama, lakini alipofika ukingoni mwa muhogo aligeuka akalitazama paa, halafu akanitazama mimi, halafu pale mahali zilipokuwa nguzo, ambapo udongo ulikuwa bado mwekundu.

Ijumaa moja ya siku zile, baada ya alasiri, nilipanda darini kuanua nguo. Mji ulikuwa umerudi kwenye sauti zake, jenereta zimenyamaza, na mabati yalikuwa yakimeremeta mpaka baharini. Baba alikuwa huko, amenipa mgongo, simu sikioni. Nikasimama nyuma ya shuka lililokuwa likining'inia, na sikwenda mbele wala nyuma.

"Nilikwenda, ndiyo," alikuwa akisema. "Hapana, Jamil. Hapatambulikani tena... Msitu mtupu. Sikuweza kujua wapi linaanza wapi linakwisha... Kisima? Kimefukiwa zamani hicho... Watu gani? Hakuna watu."

Akasikiliza. Bega lake moja lilishuka.

"Hapana," akasema. "Hata kaburi sikuliona."

Sijapata kumsikia baba yangu akisema uongo kabla ya siku ile, na sikumsikia tena baadaye. Aliaga, akaitia simu mfukoni, akageuka. Nadhani aliona miguu yangu chini ya shuka.

"Umekuja zamani?"

"Nimekuja kuanua nguo."

"Anua basi," akasema, akinipita kuelekea ngazini. "Mvua inakuja."

Nikaanza kutoa vibanio kimoja kimoja. Mbinguni hapakuwa na wingu hata moja.